Je, Kila Hasira ni Hasara?



Tumelelewa na methali fupi sana: hasira, hasara. Ukinuna kidogo tu, mtu mzima anakutupia hiyo, na mara nyingi anasema kweli. Lakini leo nataka tuihoji kidogo, na nitatumia kisa cha spika za muziki. Msicheke, kisa hiki kina mambo.

Sonos ni kampuni ya Marekani inayotengeneza spika za nyumbani zinazounganishwa na intaneti. Unaziendesha kwa simu: wimbo huu sebuleni, habari jikoni, sauti ipungue chumbani. Yaani sehemu kubwa ya ulichokinunua iko ndani ya aplikesheni. Sasa tarehe 7 Mei 2024 kampuni ilitoa aplikesheni mpya, iliyojengwa upya kuanzia msingi. Watu wakakuta mambo waliyoyazoea hayamo. Huwezi kuweka alamu mpya. Huwezi kupanga muziki ujizime ukishalala. Wengine spika zao hazikuonekana kabisa kwenye simu. Na wasioona, ambao hutumia simu kwa kusikiliza sauti inayowasomea kilicho kwenye skrini, wakalalamika kwamba sauti hiyo haiendi sawa na aplikesheni mpya.

Hasira zikawaka. Wengi walidai aplikesheni ya zamani irudishwe. Mmoja wa viongozi wa kampuni akaitetea kazi hiyo kwa kusema kwamba kujenga upya bidhaa ya namna ile kunahitaji ujasiri.

Swali langu ni hili: wale waliokasirika walikosea?

Najua kuna atakayesema, "Jamani, ni muziki tu! Kuna watu hawana maji ya kunywa, wewe unalilia alamu ya spika?" Hoja hiyo ina uzito, na inatukumbusha tusikuze mambo. Ila haimalizi kesi. Kitu kinaweza kuwa kidogo na bado haki ikawa imeguswa. Mtu alilipa pesa yake, akapewa kitu kinachofanya kazi fulani, kisha aliyemuuzia akakipunguza akiwa mbali, bila kumuuliza. Ni kama fundi uliyemlipa akujengee mlango, halafu anarudi usiku kubadilisha kitasa kwa sababu yeye amepata wazo zuri zaidi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakufundisha kwamba kila hasira ni dhambi. Kwake, hasira inaweza kuwa njema ikiongozwa na akili na ikitafuta haki. Tena aliuliza kama kukosa hasira kunaweza kuwa kosa, akajibu kwamba kunaweza. Mtu asiyeguswa na lolote linalotendwa isivyo haki si mpole, amelala tu.

Na hilo neno ujasiri? Nadhani hapo wateja walikuwa na sababu ya kuchukia zaidi. Jasiri ni yule anayehatarisha cha kwake kwa ajili ya jema. Ukihatarisha cha mwenzako bila ridhaa yake, tafuta jina lingine. Kwa maoni yangu, ujasiri ulionekana baadaye, Julai mwaka huohuo, pale mkurugenzi mtendaji Patrick Spence alipoomba radhi hadharani. Agosti kampuni ikakadiria kwamba kurekebisha mambo kungegharimu kati ya dola milioni 20 na 30. Kwa hiyo hasara ilikuwepo kweli, lakini haikuletwa na waliokasirika. Wao waliisema tu.

Sasa tugeuke upande wa pili, maana na sisi wenye hasira tuna la kujibu. Hasira iliyoanza vizuri inaweza kupotea njia. Inaanza kwa kuuliza, "Nani ameumia?" Baada ya muda inauliza, "Nani nimuumize?" Ndipo unaanza kuandika kwamba wote ni wapumbavu, wote wafukuzwe. Lakini anayepokea matusi hayo kwa kawaida si aliyeamua. Ni kijana wa huduma kwa wateja, umri kama wako, anayejibu ujumbe wa mia moja siku hiyo na hakuulizwa lolote. Agosti hiyohiyo ya 2024 Sonos ilipunguza wafanyakazi wapatao 100. Sisemi waliondolewa kwa sababu ya aplikesheni. Nasema tu kwamba nyuma ya jina la kampuni kuna watu wenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Injili ya Marko, sura ya tatu, inamwonyesha Yesu akiwa na hasira ndani ya sinagogi. Aliwatazama watu wenye mioyo migumu, akakasirika na kuhuzunika papo hapo. Kisha alifanya nini? Hakuwafuata wao. Alimgeukia mtu aliyepooza mkono, akamponya. Hasira yake iliishia kwa aliyekuwa anateseka.

Nadhani kipimo ndicho hicho. Katika kisa hiki, aliyekosa alamu ya spika angeweza kutumia ya simu. Asiyeona alifungiwa mlango mzima. Mteja aliyelalamika kuhusu alamu yake na akamtaja pia mwenzake asiyeona, hasira yake ilikuwa na kazi. Aliyetukana tu alijipoza moyo, basi.

Wengi wetu hatuna spika hizo, lakini sote tuna simu, na kila mara kuna toleo jipya la kitu. Likivuruga mambo, lalamika, ni haki yako. Taja kilichoharibika, taja nani anaumia zaidi yako, omba kirekebishwe. Usimguse utu wa anayekujibu.

Na usiku, unapochunguza dhamiri kabla ya kulala, fungua simu usome ulichoandika mchana ukiwa umekasirika. Jiulize: hapa nilikuwa namtetea nani? Kama jibu halipo, futa, kisha umwombee huyo uliyemwandikia.