Je, Ni Halali Kuigeuza Hadithi ya Mtu?

Jumamosi moja jioni vijana wa usharika wetu hapa Tanga walituomba ruhusa ya kuonyesha sinema katika ukumbi, baada ya mazoezi ya kwaya. Tulipouliza ni sinema gani, wakajibu, "Ni Mashimo ya Mfalme Sulemani." Basi sisi wazee tukafurahi, wala hatukuuliza zaidi. Maana ni nani miongoni mwetu, tuliosoma zamani, asiyekijua kitabu kile? Wengine tulikisoma shuleni, wengine tulisomewa na baba zetu kwa taa ya mafuta. Tukapanga viti, tukaketi pamoja na wajukuu.

Hata pakafika mahali ambapo Quatermain na mwanamke afuatanaye naye wanakamatwa na watu weusi, wanatiwa katika chungu kikubwa mno, na moto unawashwa chini yake ili wapikwe na kuliwa. Watoto wakacheka sana, kwa kuwa mambo yale yamefanywa kwa mzaha. Lakini mtoto mmoja wa miaka minane alimvuta babu yake mkono, akamwuliza, "Babu, sisi zamani tulikuwa tukila watu?" Mzee akanyamaza. Baadaye alituambia kwamba hakuikasirikia sinema, aliikasirikia nafsi yake, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akimwambia mtoto, "Leo utaiona hadithi niliyoipenda nilipokuwa mdogo kama wewe."

Tangu jioni ile maneno yamekuwa mengi kwetu. Wako wasemao kwamba kugeuza hata neno moja la kitabu cha mtu ni wizi. Wako wasemao kwamba hadithi ni mchezo tu, na kila mtu na acheze apendavyo. Twataka kulitazama jambo hili polepole, maana haliwahusu watengenezaji wa sinema peke yao. Lamhusu kila asimuliaye mbele ya watoto, na walimu kwanza.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na H. Rider Haggard, Mwingereza aliyekaa Natal na Transvaal katika ujana wake, kikatoka mwaka 1885. Yasemwa alikuwa amebishana na ndugu yake kwa shilingi tano kama aweza kuandika hadithi isiyopungua ile ya Stevenson ya kisiwa chenye hazina. Akakiandikia wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Watu wakakipenda, naye akaendelea kuandika habari za Quatermain hata vitabu vikapita kumi. Katika kimoja wasafiri wanafika Lamu na kupanda mto Tana, yaani pwani hii hii yetu upande wa kaskazini. Kwetu Mashimo kilifasiriwa na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa halmashauri ya lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kikachapwa mwaka 1929. Basi tukumbuke kwamba kitabu tulichokipenda kilikuwa kimekwisha kuvuka bahari na kuvikwa kanzu kabla hakijafika mikononi mwetu. Wengine wetu tulipokuwa watoto tulidhani Quatermain alizaliwa akisema Kiswahili.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kugeuza ni dhambi, tusije tukajihukumu wenyewe. Watu wa pwani wamegeuza hadithi tangu zamani. Tazameni hadithi ya Sultani Darai, ambayo Askofu Steere aliisikia Unguja na kuichapa mwaka 1870 pamoja na nyingine. Maskini mmoja, Hamdani, anunua paa kwa fedha kidogo aliyoiokota jaani, na yule paa kwa werevu wake amfanya bwana wake kuwa mtu mkubwa na kumwoza binti wa sultani. Huko Ulaya iko hadithi kama hii, ambayo Mfaransa Perrault aliichapa mwaka 1697, ila mtumishi mwerevu ni paka, naye mwisho aishi kwa raha kama bwana mkubwa. Ya kwetu haiishi hivyo. Paa augua, na yule aliyemtajirisha akataa kumpa chakula chema, aagiza apewe mtama mbovu; paa afa kwa huzuni, na Hamdani aamka ajikuta jaani alikotoka. Ni nani atakayesema kwamba wazee wa Unguja waliiharibu hadithi? Sisi twaona ya kwetu yapita ile ya paka, maana imeweka ndani yake jambo la kutokushukuru, ambalo paka hakulijua.

Tena mwandishi mwenyewe aweza kujigeuza. Katika chapa ya kwanza ya Mashimo, Haggard aliandika kwamba jua lilipatwa. Kisha akatambua kwamba haliwezi kupatwa siku hizo, kwa kuwa mwezi mpevu ulikuwa umetoka kuonekana. Akabadili katika chapa za baadaye, akaandika kwamba ni mwezi uliopatwa. Hakuna aliyemwita mwongo kwa hilo.

Sasa tuzitazame sinema zenyewe, tatu zijulikanazo zaidi. Ya kwanza ilifanywa Uingereza mwaka 1937, na ndani yake Umbopa ni Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti kuu, ambaye baba yake alizaliwa mtumwa na kutoroka utumwani. Ya pili ni ya Wamarekani, mwaka 1950, nayo ilipigwa katika nchi zetu hizi: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo na Ruanda. Ya tatu ni ya mwaka 1985, iliyopigwa Zimbabwe, na hiyo ndiyo waliyotuonyesha vijana, yenye chungu.

Mtu akiyapima kwa hesabu ya mambo yaliyobadilika atachoka bure. Kitabuni Sir Henry Curtis amtafuta ndugu yake. Katika ile ya 1950 mke amtafuta mumewe. Katika ile ya 1985 binti amtafuta baba yake, na Wajerumani wa wakati wa vita kuu wamewekwa kuwa maadui. Hayo si kitu. Lakini angalieni neno moja. Zote tatu zimemwingiza mwanamke wa Kizungu asiyekuwamo kitabuni, na katika zote tatu Foulata hayumo. Wasomaji wa kitabu wamjua Foulata. Ndiye msichana wa Wakukuana aliyemwuguza Good alipokuwa karibu kufa. Ndiye aliyemshika Gagool asipate kutoroka pale mlango wa jiwe ulipokuwa ukishuka, akachomwa kisu, akafa. Pasipo yeye hakuna ajuaye yule mwanamke mwovu angefanya nini zaidi. Watengenezaji walihitaji mahali pa kumketisha mgeni wao, wakamwondoa katika kiti yule aliyetoa uhai wake. Hili twaliona ni zito kuliko mabadiliko mengine yote, wala hatukulisikia likitajwa na mtu yeyote jioni ile; hata sisi tulilitambua siku ya tatu.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme upande wa pili. Kitabu nacho kina makosa yake. Foulata huyo huyo akiwa katika kufa asemeshwa maneno ya kwamba mweusi na mweupe hawawezi kuoana, kama jua lisivyoweza kuwa pamoja na giza, na Quatermain aona ni heri alivyokufa. Tulipokuwa watoto tulipita juu ya maneno hayo bila kuyaona, leo yatuchoma. Tena kitabuni Umbopa, ambaye kwa kweli ndiye Ignosi, mfalme wa haki, hamwui Twala yule mnyang'anyi kwa mkono wake. Amwuaye ni Sir Henry. Katika sinema ya 1950 jambo hilo limegeuzwa: Umbopa mwenyewe apigana na Twala na kumshinda. Basi hapa aliyekiacha kitabu amekuwa mwenye haki kuliko mwandishi, maana mfalme amepigania ufalme wake mwenyewe. Ajabu ni kwamba sinema hiyo hiyo yaanza na ndovu anayepigwa risasi, akaanguka, na wenzake wakajaribu kumwinua. Wala si mchezo wa kuigiza. Haggard aliua ndovu wengi kwa wino, wala hakuna aliyepungua porini.

Na Robeson je? Mtu huyu alijifunza Kiswahili katika chuo cha London mwaka 1934, kwa kuwa alitamani kuwajua watu wa asili yake. Mwaka 1935 ilitoka sinema nyingine, Sanders of the River, aliyoigiza ndani yake, na miongoni mwa wale waliosimama nyuma yake alikuwamo Jomo Kenyatta, aliyekuwa akikaa Uingereza siku hizo. Robeson alipoiona imekamilika na kuona jinsi ilivyousifu utawala wa wageni, aliikana. Yeye hakuandika neno hata moja la sinema ile. Alitoa mwili wake na sauti yake tu, na bado aliona amehusika. Sisi tulitoa ukumbi na viti.

Mwalimu mmoja kijana alitupinga kwa maneno ya akili. Alisema, "Wazee wangu, Wakukuana hawakuwako kamwe. Haggard aliwabuni. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo; basi mtu asiyekuwako atashuhudiwaje uongo?" Tulikaa kimya kidogo, maana si swali la kijinga. Kisha mzee yule, babu wa mtoto, akajibu, "Mwanangu, mjukuu wangu hakuuliza kama *wao* walikula watu. Aliuliza kama *sisi* tulikula." Hatukupata jibu zuri kupita hilo. Watu wa kubuni hawadhuriki, lakini mtoto atazamaye hutafuta mahali pake katika hadithi, na pale amwonapo mtu mwenye rangi yake, hapo hujiweka. Kitabuni angemkuta Ignosi, ambaye alipopata ufalme aliahidi kwamba mtu hatauawa tena bila kuhukumiwa, wala wachawi hawatatafutwa, na akakataa wafanya biashara wa bunduki na pombe wasiingie nchini mwake. Katika sinema ile alikuta chungu.

Mzee wetu wa hapa Tanga, marehemu Shaaban Robert, alipozitia tungo za Omar Khayyam katika Kiswahili mwaka 1952, alikuwa akifuata Kiingereza cha FitzGerald, naye FitzGerald alikuwa amekwisha kuzigeuza sana kutoka Kiajemi. Mikono mitatu imepita, na bado twaona heshima ndani yake. Asimuliaye cha mwenzake ameshika amana. Aweza kuibadili nguo, aweza kufupisha safari, aweza hata kusahihisha alipokosea mwenye mali. Lakini hawezi kuwaondolea utu wale aliokabidhiwa, kisha akasema ni mchezo.

Vijana waliuliza kama tutawakataza sinema. Tuliona si vema, kwa kuwa wataitazama kwingine bila mtu wa kumwuliza. Yule mzee alifungua sanduku lake akatoa kitabu chake cha zamani, kilichokosa jalada na kurasa chache za mwanzo, na sasa kila Jumamosi huwasomea watoto sura moja. Wamefika pale Umbopa avuapo nguo na kuonyesha alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni mwake. Mjukuu wake alitaka kujua kwanza kama mbele kuna chungu; babu akampa kitabu akatafute mwenyewe, naye bado anatafuta.