Ajuaye Thamani na Asiyejua: Swali Juu ya Kidani cha Marijani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Tumeletewa swali katika darasa letu, na mwenye kuuliza ni mfanyi biashara wa vitu vya kale. Alijiwa na mama mmoja mjane, amechukua kidani alichorithi kwa nyanya yake: marijani nyekundu iliyochongwa mfano wa waridi na majani yake, ikafungwa kwa dhahabu. Mama akamwambia, "Mwanangu, nitazamie hiki, chafika kiasi gani?" Yule bwana akakitia mizanini, akahesabu bei ya dhahabu, akamtajia. Juu ya marijani hakusema neno. Mama akaridhika, akapokea pesa zake, akamwombea dua, akenda zake. Haikupita wiki, kidani kikauzwa kwa mara tano ya bei ile. Auliza ndugu yetu: "Mimi sikusema uwongo, wala sikumlazimisha, na mizani yangu ni sawa. Mbona moyo wangu hautulii?"

Ndugu zetu, kabla ya kujibu yatupasa kwanza kukijua kitu chenyewe, kwani kuhukumu jambo ni tawi la kulifahamu.

Sisi watu wa pwani twaishi ndani ya matumbawe. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwayo. Lakini matumbawe si marijani hii. Hii ndiyo ile wazee wetu walioiita marijani ya fedhaluka, nayo asili yake ni bahari ya Kati, kandokando ya Sardinia na Sisilia, na pwani za Tunis na Aljeria. Al-Idrisi, aliyetimiza kitabu chake mwaka 1154, ametaja marijani ya Sabta na ya bandari iliyoitwa Marsa al-Kharaz, yaani bandari ya shanga. Mwenyezi Mungu naye, katika Suratu Rrahman, ametaja lulu na marjani miongoni mwa neema zitokazo baharini. Wafasiri wengine wamesema marjani pale ni lulu ndogo, na wengine wakasema ndiyo hii nyekundu.

Marijani hukua polepole mno, hata unene wa kijiti chake hauongezeki milimita moja kwa mwaka. Basi kipande chenye unene wa kutosha kuchonga waridi kimekaa baharini miaka mingi kabla ya mkono wa mwanadamu kukifikia. Na mafundi waliosifika zaidi kwa kuichonga ni wa mji wa Torre del Greco, karibu na Napoli katika Italia, ambako kiwanda cha kwanza cha marijani kilipata idhini ya mfalme mwaka 1805. Fundi huyo hutumia patasi ndogo na keekee, na akikosea mara moja kipande kimeharibika, hakiungiki.

Kwa hivyo kidani kama hicho kina thamani tatu ndani yake. Ya kwanza ni dhahabu, nayo hujulikana kwa mizani na kwa kiwango cha usafi wake. Ya pili ni marijani yenyewe: rangi yake, ukubwa wake, na mahali ilikotoka; kwani baina ya mwaka 1875 na 1880 yalipatikana marundo makubwa karibu na Sciacca, katika Sisilia, na bei ikashuka kwa wingi wake. Ya tatu ni kazi ya fundi na umri wake. Mizani yaijua thamani ya kwanza tu, na katika mbili zilizobaki ni kiziwi na bubu.

Hapa ndipo tulipoiona asili ya shida. Ndugu yetu asema mizani yake ni sawa, na kweli ni sawa. Lakini mama hakuiuliza mizani. Alimwuliza yeye, "Chafika kiasi gani?" Naye akaiacha mizani imjibie, hali akijua kwamba jibu la mizani ni theluthi ya jibu. Mtu aweza kumpoteza mwenziwe kwa neno la kweli, akilitoa mahali pa neno jengine alilolificha.

Imepokewa na Imamu Muslim kwamba Fadhala bin Ubayd, siku ya Khaybar, alinunua kidani kwa dinari 12, ndani yake mna dhahabu na shanga. Alipovitenga akakuta dhahabu peke yake yazidi dinari 12. Akamtajia Mtume, rehema na amani zimfikie, naye akasema kisiuzwe mpaka kitengwe. Hukumu ile asili yake ni katika kuuza dhahabu kwa dhahabu, na leo twanunua kwa noti. Lakini ndani yake mna mafunzo makubwa: vitu viwili vilivyochanganyika kimoja kisifiche thamani ya kingine. Kule Khaybar shanga zilificha dhahabu. Hapa petu dhahabu imeificha marijani.

Yumkini mtu atasema: "Elimu ya mfanyi biashara ndiyo rasilimali yake. Amejifunza miaka, amenunua kioo cha kukuzia, alipa kodi ya duka. Akiambia kila muuzaji thamani ya kitu chake, atakula nini?" Hoja hii ina uzito, wala hatuidharau. Faida ni halali, na elimu yastahili ujira. Lakini twapambanua baina ya mambo mawili. Akitumia elimu yake kumtafuta mnunuzi aliye mbali, kukisafisha kitu na kukingoja soko lake, hiyo ni kazi, na faida yake ni haki yake. Ama akiitumia juu ya mjane aliyesimama mbele yake na kumwuliza, huko si kufanya kazi, ni kuvizia. Na Mtume amekataza kuwalaki wenye misafara njiani kabla hawajafika sokoni wakajua bei, na akampa mwenye mali hiari afikapo sokoni. Mama yule alikuwa kama msafiri aliyelakiwa njiani, ila njia yake ilikuwa ni kutojua.

Tena, mwenye kuombwa shauri ni mtu aliyeaminiwa. Neno lile "nitazamie" limemtoa ndugu yetu katika cheo cha mnunuzi mtupu, likamweka katika cheo cha mshauriwa. Lau hakutaka cheo hicho, angelimwambia, "Mimi nataka kununua, nenda ukaulize kwa mwengine kwanza."

Ama sharti la kuridhiana, ni kweli biashara husimama kwa radhi. Lakini mama aliridhia kuuza dhahabu yenye shanga nyekundu. Waridi ya marijani hakupata kuijua, basi aliridhiaje kuiuza?

Jawabu letu ni hili. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kupunjika kwa bei peke yake, pasipo hadaa, hakuvunji mauzo, wala hatusemi kadhi atayatangua. Lakini si kila kinachosimama mbele ya kadhi chasimama mbele ya Mola. Jarir bin Abdillahi alinunuliwa farasi kwa 300, akamwendea mwenyewe akamwambia farasi wako yuazidi hapo, akawa akiongeza hata ikafika 800. Akasema alimpa Mtume ahadi ya kumtakia mema kila Mwislamu. Basi na ndugu yetu naye amwendee mama, amweleze kidani kilikuwa nini na kimeuzwa kwa kiasi gani, azuie ujira wake wa haki, na kilichobaki ampe. Huo ndio utulivu anaoutafuta.

Na nyinyi mlio na vitu vya wazee makabatini, msivipeleke sokoni kwa haraka ya shida. Ulizeni kwa watu wawili watatu. Na mwulizwapo, semeni.

Wabillahi ttawfiq.