Maji Alibeba Nani?

Kwa jirani yangu hapa Misunkumilo, Mpanda, kuna begi la mgongoni, la buluu, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Ndani yake zinakaa mbegu za mahindi zikisubiri mvua. Mgeni akiliona huuliza kama mwenye nyumba aliwahi kuwa mwanajeshi, maana ni begi kubwa, lina mikanda ya kifuani na ya kiunoni, halifanani na la mtoto wa shule. Mke hujibu kwa maneno mawili: "Lilikwenda Karema." Hasemi "tulikwenda."

Majina yao nayaacha. Wameniruhusu kusimulia, mume kwa sharti kwamba nisimchekeshe sana, mke kwa sharti kwamba nisipunguze kitu.

Chanzo kilikuwa simu. Mume ni fundi pikipiki, na jioni akishafunga karakana hupenda kutazama video za watu wanaosafiri. Siku moja akaona Wazungu wawili, mtu na mkewe, wakitembea kwa miguu katika milima ya Andes huko Peru, kila mmoja na begi lake, mawingu yako chini yao, wanacheka. Akamwita mkewe aliyekuwa akipanga mitumba ya kuuza kesho yake. "Tazama hawa. Sisi tumeoana miaka sita, hatujawahi hata kufika ziwani pamoja." Mke akatazama, akasema ni kweli.

Sitawacheka kwa hilo. Hapa kwetu mtu akionekana barabarani na mzigo mgongoni, watu humhurumia kwamba amekosa nauli. Kutembea kwa raha ni jambo ambalo wengi wetu hatulielewi, nami naona ni hasara yetu. Tatizo langu ni lile ambalo video haikuonyesha. Njia ya Wainka iendayo Machu Picchu, huko huko Peru, haipitwi kiholela. Kwa siku wanaruhusiwa watu 500 tu, na wengi katika hao ni waongozaji na wapagazi, wale wanaobeba mahema, mitungi ya gesi na viazi. Mgeni haruhusiwi kuipita bila mwongozaji. Sehemu ya juu kabisa ya njia hiyo iko kwenye mita 4,200 hivi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kichwa kinagonga kama kimepigwa nyundo, na wageni hushauriwa wakae kwanza siku kadhaa mjini Cusco ili mwili uzoee. Jina la mahali hapo kwa lugha ya Kikechua ni Warmiwañusca, yaani mwanamke aliyekufa. Husemwa kwamba mlima ukitazamwa kwa mbali unafanana na mwanamke aliyelala chali. Bado, mimi ningekuwa natembea na mke wangu, jina kama hilo lingenifanya nigeuke nyuma mara moja zaidi.

Na sisi wa upande huu ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuwasahau wapagazi. Katika karne ya 19 Wanyamwezi, majirani zetu wa kaskazini, walibeba pembe na vitambaa kati ya Tabora na pwani, mzigo wa kilo 30 hivi kwa mtu. Kirangozi alitangulia, na wanyapara wakawaangalia wanaobaki nyuma. Msafara uliojua kazi yake haukuongozwa na mtu mwenye miguu mirefu.

Siku ya kufunga safari mume aliazima mizani dukani. Alitaka haki. Akapima kila kitu, akagawa. Begi lake: hema, lita kumi za maji, simu mbili na betri ya kuchajia. Begi la mke: unga, dagaa, chumvi, sufuria, kibiriti, kanga mbili, na pesa zote, maana mke ndiye mtunza hazina wa nyumba. Yake yakawa mazito zaidi, akaridhika, kwamba mwanamume ndiye abebe kikubwa.

Mama wa mume alikuwa ameketi kwenye kigoda, akichambua mlenda. Huyu bibi amekulia upande wa ziwani, na amekuja Mpanda kwa miguu zaidi ya mara moja katika ujana wake. Akauliza swali moja tu: "Maji atabeba nani?"

"Mimi, mama. Ndimi mwenye nguvu."

"Yote?"

"Yote, mama. Usiwe na wasiwasi."

Bibi akarudi kwenye mlenda wake. Mke anasema alitamani bibi aendelee kuuliza, lakini naye alinyamaza. Hapo kwa maoni yangu ndipo safari ilipoharibika, nyumbani, kabla hata mbwa wa mtaani hawajawabwekea. Ile mizani ilipima kilo. Haikuweza kupima kwamba mzigo mmoja ukiwa peke yake hauna moto wala chakula, na wa pili ukiwa peke yake hauna hata tone la maji. Walikuwa wamemgawa msafiri mmoja katika nusu mbili.

Walitoka mwezi wa tisa. Anayeijua Katavi anajua mwezi wa tisa: mito imebaki mchanga, nyasi zimekauka au zimeungua, na kule hifadhini viboko wanabanana kwenye madimbwi ya Mto Katuma kama abiria wa basi la mwisho. Wao hawakupita hifadhini, na walifanya vyema, kwani huko hakuna kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha. Walishika njia ya Karema, kule ziwani, zaidi ya kilomita 100. Siku ya kwanza walifuata barabara ya magari, wakala vumbi, wakapigiwa honi na madereva waliodhani wanahitaji lifti. Jioni wakalala kwenye uwanja wa nyumba ya mtu mwema, wakaamka wanacheka kama wale wa kwenye video.

Siku ya pili mume akasema kuna njia ya mkato porini, aliiona kwenye ramani ya simu usiku ule. Mwenyeji wao akawaambia njia ipo, lakini ni ya warina asali, inagawanyika mara nyingi, na kila tawi linaishia kwenye mizinga ya mtu. "Ngojeni mwanangu arudi, awasindikize mpaka mnapoitoka." Mume akashukuru kwa adabu sana, wakaondoka bila kungoja. Nimemuuliza kwa nini. Akaniambia kusindikizwa kungeharibu safari, kwani wale wa Peru walikuwa wawili tu. Nikakumbuka wapagazi, nikanyamaza.

Porini miyombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu yanayotangulia mvua. Mke anakumbuka uzuri huo. Anakumbuka pia ndorobo, ambao walipenya hata kwenye kanga. Mume, kwa sababu ya ndorobo, akakaza mwendo. Kila mke alipotaka kunywa, alilazimika kumwita mumewe asimame, avue begi, afungue, ampe, afunge, avae tena. Baada ya mara ya tatu alimwona mumewe akiguna. Hakuomba tena. Alikuwa na lengelenge kisiginoni tangu jana yake, nalo hakulitaja.

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu kunyamaza huku si kugeni.

Mwaka 1851 David Livingstone alivuka nyika kavu za kaskazini mwa Botswana ya leo pamoja na mkewe Mary, aliyekuwa mjamzito, na watoto wao watatu wadogo. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamekwenda na kurudi kwenye njia za huko huko, na mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya safari ile alifariki akiwa na wiki chache tu. Safari hii mtumishi mmoja aliyapoteza ovyo maji yaliyokuwa kwenye magari ya ng'ombe. Watoto wakakaa na kiu, hadi alasiri ya siku ya tano watu waliokwenda kutafuta waliporudi na maji. Livingstone mwenyewe aliandika baadaye kwamba mkewe hakumtamkia neno hata moja la lawama, ila machozi. Wengi wamelisoma hilo kama sifa ya mke mwema. Mimi nalisoma kama ripoti ya hatari. Kiongozi wa msafara ambaye mtu aliye karibu naye kuliko wote hawezi kumwambia "maji yamekwisha, turudi" ameshapotea hata kama dira anayo.

Mary alifariki kwa homa mwaka 1862, huko Shupanga kando ya Zambezi, miezi michache baada ya kumfuata mumewe tena. Na Januari 1872 Livingstone alipita katika nchi yetu hii ambayo leo ni Katavi, yeye na mwandishi wa habari Stanley, wakitoka Ujiji kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora. Miguu yake ilikuwa imejaa vidonda, na njiani msafara ukashambuliwa na nyuki. Nyuki wa huku hawana heshima kwa watu mashuhuri.

Turudi kwa wetu. Ilipata saa sita mchana. Mke akainama kulegeza kiatu, kwa sababu lengelenge lilikuwa limepasuka. Alipoinua kichwa, begi la buluu lilikuwa linapotea kwenye kona. Akaita. Akafunga kamba haraka, akafuata akichechemea, akafika mahali njia inagawanyika mara mbili. Matawi yote mawili yalikuwa na nyayo za viatu, za warina. Akaita tena.

Alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria namvulia kofia: aliketi. Hakuchagua njia. Akajisemea kwamba akibaki pale, mtu anayemtafuta ana mahali pa kumkuta. Akangoja mpaka kivuli kikavuka njia. Kisha akafyeka nyasi kwa mikono na kwa mfuniko wa sufuria, akapata duara tupu la kama hatua nne kila upande, kwa sababu mwezi wa tisa kibiriti kimoja chaweza kula msitu. Katikati akawasha moto, akaweka majani mabichi juu yake. Moshi ukapanda.

Waliokuja hawakuja kwa huruma. Walikuwa warina wawili, mmoja na panga, wakikimbia. Moshi mahali ambapo si zamu ya mtu kurina maana yake ni mwizi wa asali. Walimkuta mwanamke ameketi na sufuria ya unga mkavu, midomo imepasuka, hana hata chozi. Yule mwenye panga akaliweka chini. "Shikamoo mama," alisema, ingawa kwa umri pengine walilingana. Kisha akampa dumu.

Mume naye? Alikuwa na maji yote. Aliposimama mwishowe na kugeuka, hakuona mtu. Akarudi, au alidhani amerudi, kwani alishika tawi jingine. Ramani ya simu ilionyesha kitone cha buluu katikati ya kijani kitupu, mtandao hakuna, tawi aliloshika halikuchorwa. Akatembea kwa mbio, akanywa kila alipoogopa, na aliogopa mara nyingi. Jua lilipozama maji yalikuwa yamebaki kidogo. Hakuwa na kibiriti. Alikesha juu ya mti, hema analo mgongoni lakini anaogopa kushuka kulisimika, akisikia fisi. Adhuhuri ya siku iliyofuata warina wakamkuta kwenye korongo kavu, akichimba mchanga kwa kifuniko cha chupa. Alikuwa mwendo wa chini ya saa moja kutoka penye njia panda.

Karema walifika, kwa pikipiki, mke kwenye moja na mume kwenye nyingine. Waliliona ziwa. Mke anasema ni kubwa. Mume anasema hakumbuki.

Waliporudi Misunkumilo bibi aliwachemshia maji ya chumvi, mwanawe akatumbukiza miguu. Nilikuwepo, nimekwenda kuwapa pole. Bibi akamimina kidogo kidogo asimuunguze, akauliza kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya asubuhi ile:

"Na kibiriti alibeba nani?"

"Mke wangu."

"Eeh," akasema bibi, akaongeza chumvi.

Haya ya mwisho niliyapata mwezi uliopita. Tulikuwa tumeketi nje, mke anachagua mbegu, zilizotobolewa na wadudu anatupa kwa kuku, nzima anatia kwenye lile begi. Mume alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, bila mtu kumuuliza, macho yako barabarani:

"Pale njia panda nilimsikia. Aliita mara mbili. Nilidhani akiona sisimami, atakaza mwendo."

Mke hakuinua kichwa.

"Mara tatu," alisema.