Umbo la Mbwa na Haki ya Mfugaji

Ng'ombe wekundu wa Iringa ni ukoo mmojawapo wa zebu wa Tanzania wenye pembe fupi. Wafugaji waliwachagua, lakini ukame na maradhi navyo vilichagua. Mbwa wa kienyeji apandaye vilima vya Mbeya nyuma ya bwana wake, asiye na jina la ukoo, ni zao la mapatano hayo hayo.

Sivyo kwa buldogi, mbwa wa Kiingereza. Uingereza ilipoharamisha mwaka 1835 mchezo wa kuwapiganisha mbwa na fahali, kazi yake ilikwisha, likabaki umbo; nalo likaangukia mikononi mwa watu wa maonyesho. Pua ikafupishwa, kichwa kikakuzwa, hata leo wengi hukoroma wakiwa macho na kuzalishwa kwa kisu cha daktari. Buldogi wa Kifaransa, aliye mdogo zaidi, amerithi taabu ile ile. Wa Kimarekani, aliyebaki kufanya kazi mashambani, kwa kawaida hupumua kwa nafasi.

Je, tuna haki ya kupenda umbo ambalo mnyama mwenyewe hulilipia kwa pumzi zake? Wapo wasemao kwamba pasipo mapenzi hayo asingalizaliwa kabisa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tukiikubali, mzazi naye ataweza kumtesa mwanawe kwa kuwa ndiye aliyemzaa.