Tumaini linapouzwa



Ndugu mmoja wa parokia yetu aliugua Kovidi mwaka 2021. Mpaka leo akipanda kilima anahema, na uchovu haumwachi. Amesikia ya kwamba kuna kliniki za ng’ambo zinazotia mwilini seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, kwa maelfu ya dola. Ameomba kanisa limchangie.

Seli shina si uongo. Zile za uboho zimesaidia wagonjwa wengi wa kansa ya damu. Lakini kwa mabaki ya Kovidi, waganga bado wanazijaribu tu. Na katika majaribio ya haki, kwa kawaida mgonjwa halipishwi dawa.

Wengine wanasema kukataa ni kukosa imani. Sikubali. Imani ni kwa Mungu, si kwa mtu anayedai pesa mbele ya kuonyesha kwamba dawa yake inaponya. Nasi tunaowekea watu mikono tujichunguze: tusimwambie mgonjwa aache hospitali.

Mchango utamlipia picha ya mapafu na mazoezi ya kupumua. Bado ametukasirikia. Jumapili namkuta ameketi kwenye ngazi, anapumzika mbele ya kuingia.