Makofi ya Hadhira: Hatia na Ushahidi katika Filamu za Kitamil za Askari

Wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki wamezoea kuzitia filamu zote zitokazo Bara Hindi katika kapu moja na kuziita "za Kihindi". Jina hilo linaficha mengi. Kitamil ni lugha ya ukoo mwingine kabisa na Kihindi, na filamu zake, ambazo makao yake ya jadi ni mtaa wa Kodambakkam jijini Chennai, zina mapokeo yake, nyota wake, na hadhira yenye bidii ya pekee. Siku filamu mpya ya Rajinikanth inapotoka, mashabiki huzimwagia maziwa picha zake kubwa zilizosimamishwa nje ya kumbi. Hadhira ya namna hii haiendi kutazama tu, inakwenda kushiriki. Ushiriki huo ndio unaozua swali la makala haya: je, anayepiga makofi askari anapomwua mtuhumiwa katika filamu ametoa hukumu, au amejiburudisha tu?

Kuna jibu jepesi, nalo hutolewa mara kwa mara na watetezi wa sinema ya burudani: sanaa ni sanaa na maisha ni maisha. Anayesisimkwa na mauaji katika Macbeth hageuki kuwa mwuaji. Hoja hii si ya kupuuzwa, ila inajibu swali ambalo halikuulizwa. Macbeth anaua na tamthilia nzima inamshtaki. Katika filamu za askari shujaa kinachosifiwa si tendo moja la ghadhabu bali ni njia ya kutenda: kwamba mahakama zinajikokota, mawakili ni walaghai, na risasi moja ya mtu mwema yaokoa miaka kumi ya kesi. Hilo ni dai kuhusu haki, na dai lapaswa kupimwa hata linapotolewa kwa ngoma na nyimbo.

Mfano ulio wazi ni Singam, yaani "Simba", iliyoongozwa na Hari mwaka 2010 na kufuatiwa na nyingine mbili mwaka 2013 na 2017. Shujaa wake, Duraisingam, anayeigizwa na Suriya, ni askari wa kijijini katika wilaya ya Thoothukudi ambaye anahamishiwa Chennai na kupambana na mtekaji nyara anayelindwa na wakubwa. Masharubu, ngurumo, kofi linalomrusha mtu hewani: haya yote ni ya kuchekesha, na mhakiki mwenye insafu hatayalaumu. Lenye uzito limejificha katika mpangilio wa visa. Kabla askari hajanyanyua mkono, kamera imekwisha kumwonyesha mtazamaji uovu wote wa adui; amemsikia akitoa amri, amemwona akicheka. Inapofika zamu ya risasi hakuna mtu ukumbini mwenye shaka. Kesi inaonekana upuuzi kwa kuwa ushahidi umekwisha sikizwa, na jaji ni kila aliyenunua tikiti.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo yamstahi mtu aliyejionea mwenyewe. Lakini macho ya mtazamaji wa sinema ni ya kuazima. Yanatazama pale tu mwongozaji alipotaka yatazame. Uhakika anaoupata kwa macho hayo ni zawadi ambayo maisha hayampi mtu yeyote anayechunguza uhalifu, awe askari au jaji. Askari halisi hakuwapo usiku ule. Ana tetesi, ana jina alilopewa na mtu mwenye kisasi, ana wakubwa wanaotaka faili lifungwe upesi. Sheria ya ushahidi, pamoja na urasimu wake unaochosha, ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hawakuona. Hivyo basi kosa la kimaadili la filamu hizi haliko katika damu. Damu imejaa tele katika tenzi za vita za Waswahili na hazijamharibu mtu. Kosa ni kumzoesha mtazamaji kuhukumu kwa uhakika asioweza kuupata akishatoka ukumbini.

Na huko nje India imeshuhudia watu wakihukumu hivyo. Tarehe 6 Desemba 2019, karibu na Hyderabad katika jimbo la Telangana, polisi waliwapiga risasi watuhumiwa wanne wa ubakaji na mauaji kabla kesi yao haijasikizwa. Umati ukawarushia askari maua. Polisi wa India huyaita mauaji ya namna hii "makabiliano", neno ambalo tayari limemtia marehemu silaha mkononi. Tume iliyoundwa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilieleza katika ripoti yake iliyotolewa hadharani mwaka 2022 kwamba askari walifyatua risasi kwa kusudi la kuua. Kwa wakati huo maua yalikuwa yamekwisha nyauka.

Miezi michache baada ya tukio la Hyderabad, Juni 2020, mfanyabiashara mmoja na mwanawe walikamatwa katika mji mdogo wa Sathankulam, kwa madai kwamba waliacha duka lao wazi kupita saa zilizoruhusiwa wakati wa korona. Waliteswa kituoni na wote wawili wakafariki siku chache baadaye. Sathankulam imo katika wilaya ya Thoothukudi, wilaya ile ile ya Duraisingam. Hari alitoa taarifa akisema kwamba anajutia kutengeneza filamu tano zilizowatukuza polisi. Si haki kudai kwamba Singam iliwaua watu wale wawili. Watu waliteswa vituoni kabla Hari hajaishika kamera. Hata hivyo majuto hayo yana uzito kuliko tahakiki nyingi, maadamu yametoka kwa mtu aliyejua barabara ni wapi katika filamu hizo makofi yangelipuka, kwa kuwa ndiye aliyeyapanga.

Suriya yule yule alirejea mwaka 2021 katika Jai Bhim ya T. J. Gnanavel, safari hii akiwa wakili. Filamu hiyo imejengwa juu ya kesi iliyotokana na tukio la mwaka 1993, ambayo wakili wake, K. Chandru, baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Madras. Inafunguka nje ya lango la gereza. Wafungwa wanaoachiliwa wanaulizwa tabaka walilozaliwa. Wa tabaka za juu wanaruhusiwa kwenda zao, wa chini wanasukumwa kando ili polisi wengine wawachukue na kuwabebesha kesi zisizo na wenyewe. Katika dakika chache hizo mna maelezo ya kutosha kuhusu jinsi mtuhumiwa anavyopatikana pale ambapo hakuna aliyeona.

Kisha hadithi inamgeukia Rajakannu, mtu wa jamii ya Wairula wanaojulikana kwa ustadi wa kukamata nyoka. Anasingiziwa wizi wa vito, anateswa, anafia mikononi mwa polisi, na mkewe Sengeni, akiwa mjamzito, anamtafuta hadi mahakamani. Ni filamu yenye nguvu na wengi waliitazama kwa machozi. Inafaa hata hivyo kuuliza machozi hayo yalipatikana vipi. Mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba Rajakannu hakuiba. Macho ya kuazima ni yale yale, yamegeuzwa tu upande. Hakuna anayelazimika kuwaza ingekuwaje kama vito vingalipatikana kibandani mwake. Je, kupigwa kwake kungekuwa rahisi zaidi kutazama? Ikiwa ndivyo, basi huruma ile ilikuwa ya usafi wa Rajakannu wala si ya haki yake, na Duraisingam bado ana kiti chake moyoni mwa mtazamaji.

Yaelekea Gnanavel mwenyewe aliliona pengo hilo. Katika Vettaiyan ("Mwindaji") ya mwaka 2024 alimchukua Rajinikanth, akampa vazi la askari mwuaji apendwaye na umma, kisha akamfanya amwue kijana asiye na hatia aliyeshukiwa kumbaka na kumwua mwalimu. Mtego huo ni wa busara, kwani ukweli unapofichuka makofi yamekwisha pigwa. Jaji Sathyadev, anayeigizwa na Amitabh Bachchan, ndiye anayedai hesabu. Lakini nyota wa cheo cha Rajinikanth haachwi na damu mkononi hadi mwisho. Filamu inamtafutia mhalifu wa kweli, tajiri wa biashara ya elimu, ili shujaa ajisafishe kwa kumsaka. Kijana aliyekufa anabaki kuwa sababu ya majuto ya mtu mwingine. Aidha, ingawa jaji anayapinga mauaji hayo yote, msuko wenyewe unanong'ona jambo jingine: kosa la askari lilikuwa kumkosea mtu.

Visaranai ("Mahojiano") ya Vetrimaaran, iliyozitangulia hizo mbili mwaka 2015, ilithubutu zaidi. Inatokana na riwaya ya M. Chandrakumar, dereva wa tuktuk wa Coimbatore ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuteswa na polisi huko Guntur. Nusu ya kwanza inawafuata vibarua wa Kitamil wanaopigwa ili wakiri wizi wasioujua. Hapo mtazamaji bado yuko katika njia aliyoizoea. Nusu ya pili inamletea mtu wa namna nyingine: mhasibu anayewatunzia wanasiasa fedha zao haramu. Huyu si mnyonge wala si msafi. Anateswa ili atoe siri, anafia kituoni, na kifo chake kinapambwa kionekane kwamba amejiua. Vetrimaaran hatoi sababu yoyote ya kumpenda. Hadhira iliyozoea kuuliza kama mtu ana hatia inajibiwa mapema kwamba anayo, nayo inagundua kwamba jibu hilo halikupunguza chochote katika kinachotendeka chumbani mle. Vibarua, waliokuwa wameachiwa kazi ya kusafisha kituo, wamesikia yasiyowapasa. Nao wanawindwa na kuuawa, pamoja na askari pekee aliyesitasita. Mtazamaji aliyempigia Duraisingam makofi ameketi, mikono mapajani, na hakuonyeshwa wa kumpigia.