Mizani ya Dakika ya Mwisho

Hapa Tabora, mchezo unapokwisha jioni katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, watu hawatawanyiki upesi. Husimama chini ya miembe makundi kwa makundi, wakaucheza mchezo ule ule mara ya pili kwa maneno. Katika mchezo huo wa pili kuna swali lisilokosa kuulizwa: je, mwamuzi alifanya haki kutoa penalti katika dakika ya tisini, hali timu zikiwa sare? Wako wasemao kwamba kosa ni kosa, na saa haina neno hapo. Wako pia wasemao kwamba mwamuzi mwenye busara huulegeza mkono wake mwishoni, ili wachezaji wenyewe waamue nani mshindi. Swali hili laonekana kuwa la wapenda kandanda tu, lakini ndani yake mna suala zito la maadili, nalo ni hili: je, haki ina saa?

Sisi Watanzania tulilionja swali hili kwa pande zake zote mbili katika mashindano yale yale. Tarehe 27 Desemba, 2025, timu yetu ya Taifa ilipambana na Uganda nchini Morocco katika kuwania Kombe la Mataifa ya Afrika. Timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja, na mchezo ulikuwa ukingoni, mwamuzi alipowapa Waganda penalti. Mpigaji akaupaisha mpira juu ya lango, nasi tukanusurika. Tarehe 4 Januari, 2026, tulikutana na wenyeji Morocco katika hatua ya mtoano, hatua ambayo hatukuwahi kuifikia kabla ya hapo. Tulikuwa nyuma kwa bao moja. Katika dakika za nyongeza mchezaji wetu alianguka ndani ya eneo la hatari alipobanwa na beki. Tukadai penalti, mwamuzi hakupuliza filimbi, na safari yetu ikaishia pale.

Yafaa tuyakumbuke tuliyoyasema mioyoni mwetu. Siku ya Uganda wengi wetu tulinung'unika: penalti ya saa hii, ya nini? Siku ya Morocco tukapaza sauti: kosa ni kosa, hata katika dakika ya mwisho! Hatutaki hapa kuwahukumu waamuzi wale wawili, maana wao walikuwa karibu na mpira nasi tulikuwa mbali. Twasema tu kwamba katika siku hizo nane kanuni moja ilibadilika, nayo haikuwa ya waamuzi. Ilikuwa yetu. Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule. Na mshabiki aghalabu haoni kosa la timu yake, hasa jua linapokuchwa.

Hata hivyo si haki kuwabeza wale wanaotetea ulegevu wa mwishoni, kwani hoja yao ina uzito. Wao husema kwamba penalti ni adhabu kubwa kupita kiasi. Mpira huwekwa hatua chache mbele ya lango, na mlinda mlango hubaki peke yake. Timu ikiadhibiwa hivyo katika dakika ya kumi, ina muda wa kutosha wa kujirekebisha. Ikiadhibiwa katika dakika ya tisini, haina tena nafasi. Kwa hiyo, husema wao, adhabu ile ile huwa nzito zaidi mwishoni, na mwamuzi asiyeutazama uzito huo ni kama hakimu asiyetazama hali ya mshitakiwa.

Hoja hii inapendeza, lakini ina tundu. Kwanza, bao la dakika ya kumi na bao la dakika ya tisini huandikwa kwa hesabu moja. Timu iliyofungwa bao moja kwa bila imefungwa, liwe limeingia asubuhi au jioni ya mchezo. Kilichozidi mwishoni ni ujuzi wetu: tunayaona matokeo waziwazi, na kwa sababu tunayaona twaogopa kuyagusa. Pili, nafasi ya kujirekebisha haikosekani kwa upande mmoja tu. Aliyechezewa vibaya katika dakika ya tisini naye hana muda wa kutafuta bao jingine. Kumsamehe aliyekosa ni kumtoza aliyekosewa. Mwamuzi anayenyamaza ili asiuamue mchezo ameuamua tayari, ila ameuamua kwa mdomo uliofumbwa.

Tena historia ya penalti yenyewe inatufundisha jambo. Zamani za Waingereza adhabu hiyo haikuwapo. Mwezi wa Februari, 1891, timu za Notts County na Stoke zilikutana katika robo fainali ya Kombe la FA. Notts County walikuwa mbele kwa bao moja, na mchezo ulikuwa karibu kwisha, beki wao alipouzuia kwa mkono mpira uliokuwa ukiingia langoni. Sheria ya siku hizo iliwapa Stoke mpira wa adhabu tu, karibu kabisa na mstari. Mlinda mlango akasimama mbele yake, akauzuia, na wenye kosa wakashinda. Pendekezo la penalti lilikuwa limekwisha kuletwa kutoka Ayalandi. Mwezi wa Juni mwaka ule ule likawa sheria. Basi tuzingatie: anayetaka penalti isitolewe katika dakika za mwisho anataka turudi kwenye siku ile, ambapo beki alipiga hesabu, akaona kwamba kosa lina faida kuliko adhabu yake.

Sisi wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kuyatafuta mafunzo ya namna hii. Mji wetu ulikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba mizigo ya pembe za ndovu, vitambaa na shanga, na pembe zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi, yaani kilo kama 16. Tuwaze sasa mfanyabiashara aliyefika pwani baada ya miezi ya kiu na homa. Angeweza kumwambia mwenye mizani kwamba yeye ametoka mbali, kwamba amebakiza pembe moja tu, basi frasila ya pembe hiyo ihesabiwe kwa namna nyingine? Na mnunuzi angekubali? Mizani ikijua kwamba mzigo ulioko juu yake ndio wa mwisho, si mizani tena.

Katika njia hiyo hiyo palikuwa na kitu kilichoitwa hongo. Ilikuwa ada iliyotozwa na watawala wa nchi zilizopitiwa na misafara, kama vile Ugogo. Hapana shaka mwenye nchi na mwenye kisima alikuwa na haki ya kudai ada. Lakini kiasi chake hakikuwa kimoja. Kilibishaniwa upya kila mara, kwa kutazama ni nani anayepita na ana shida gani. Leo neno hilo hilo latumika kwa maana ya rushwa. Hatudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya maana kugeuka, ila twaona funzo: ada isiyo na kipimo kinachojulikana haikai mbali na rushwa. Mwamuzi anayeibadili kanuni saa ya mwisho, hata kwa nia njema, huwafanya watazamaji waulize amepewa nini.

Lakini tusiipambe njia ile kwa maneno. Ilipitishwa pia watumwa katika minyororo, na usawa wa mizani ya pembe haukumsaidia mtumwa hata kidogo. Kwa hiyo tusidhani kwamba kipimo kisichobadilika ndiyo haki yote. Kanuni mbaya ikitumiwa sawasawa hubaki mbaya. Twasema tu kwamba kanuni njema ikitumiwa kwa upendeleo wa saa huharibika, kama vile maziwa mazuri yaliyotiwa katika kibuyu kichafu.

Nasi hatuandiki haya kama watu wasio na doa. Katika ujana wetu tuliwahi kushika filimbi katika mchezo wa vijana wa shule mbili, uwanja wa vumbi usio mbali na reli. Timu zilikuwa sare na jua lilikuwa limekwisha kugusa miti, beki mmoja alipouzuia mpira kwa mkono mbele ya lango lake. Tuliona. Filimbi ilifika midomoni, ikashuka. Tulijiambia kwamba hatutaki kuuharibu mchezo mzuri. Muda si muda timu ya beki yule ikapata bao, ikashinda. Baadaye kijana mmoja wa timu iliyofungwa alitujia, akasema, "Shikamoo, mwalimu. Uliona?" Tukamjibu kwamba hatukuona. Hivyo kimya kilizaa uongo, na kijana yule akaondoka bila ya kubisha. Kwa miaka mingi tulijisifu kwamba siku ile tuliwaachia wachezaji mchezo wao. Ukweli ni kwamba tuliwanyang'anya.

Je, basi mwamuzi asibadilike hata kidogo mwishoni? La, abadilike. Wachezaji wamechoka, hasira zimepanda, na jicho lake mwenyewe limechoka. Kwa hiyo akimbie zaidi ili awe karibu na mpira, amtazame mshika kibendera wake, na asikione haya chombo cha video pale kilipo. Kinachopasa kuongezeka ni uangalifu. Kama ana shaka, asitoe penalti. Lakini shaka hiyo imzuie vile vile katika dakika ya tano. Na kama ana yakini, yakini hiyo imtume vile vile katika dakika ya tisini.

Na watu wakiona kwamba adhabu ni kali mno, basi sheria na ibadilishwe hadharani. Mwaka 2016 watunga sheria za kandanda walifanya hivyo. Beki anayesababisha penalti kwa kuzuia nafasi ya wazi ya kufunga, ikiwa alijaribu kweli kuucheza mpira, sasa hupewa kadi ya njano badala ya nyekundu. Hiyo ni huruma, tena huruma njema, kwa kuwa kila mtu anaijua kabla mchezo haujaanza, na inawafaa wote kwa dakika zote.

Washairi wetu wamelijua jambo hili tangu kale. Mtunzi anayeanza ubeti kwa mizani kumi na sita hana ruhusa ya kuuweka mshororo wa kumi na tano hapo baadaye, akidai kwamba shairi limekaribia kwisha na pumzi imemwishia. Ni kweli ziko bahari ambazo kituo chake ni kifupi kuliko mishororo mingine. Lakini ufupi huo hutangazwa katika ubeti wa kwanza, ukashikwa hadi ubeti wa mwisho. Ufupi uliopangwa ni sanaa. Ufupi wa ghafula ni guni.

Ndugu walimu, na ninyi vijana wanafunzi, wachache kati yenu watashika filimbi, lakini nyote mtashika mizani ya namna fulani. Mwalimu atasahihisha karatasi ya mwisho usiku wa manane, na mtoto atakuwa amepungukiwa alama moja. Karani atafunga dirisha saa tisa na nusu, na mbele yake atasimama mtu anayemfahamu. Mzee wa baraza atasikiliza kesi ya jirani yake. Hapo kila mmoja atausikia moyo ukimwambia kwamba safari hii tu, kwa kuwa ni mwisho, kipimo kisogezwe kidogo. Ajiulize basi kama angekisogeza vivyo hivyo kwa karatasi ya kwanza, kwa mgeni asiyemjua, kwa timu asiyoipenda. Kama sivyo, na akiache kipimo mahali pake. Kisha, atakapoulizwa kama aliona, aweze kujibu kwamba aliona.